Kali Mwana wa Fumba

Kuna aina ya hadithi iliyopendwa na vijana wa nchi nyingi kwa muda wa zaidi ya miaka mia na hamsini. Ni hadithi ya mambo yaliyopita, yenye safari na hatari, iliyotungwa na mwandishi Mkatoliki. Na shujaa wake, ambaye mara nyingi ni mvulana au msichana wa umri wenu ninyi wasomaji, hujaribiwa si katika nguvu za mikono yake tu, bali katika uthabiti wa imani yake. Anayesoma hutaka kujua mambo mawili kwa pamoja: je, shujaa ataokoka? Na je, akiokoka, atakuwa bado ni yule yule?

Mwaka mmoja nililisomea darasa langu sehemu za kitabu kimoja cha namna hiyo, nikiwafasiria kwa Kiswahili kila nilipofika penye neno gumu. Wanafunzi walitulia kimya, hata kengele ilipolia hakuna aliyeondoka. Kisha kijana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akasema: "Mwalimu, mimi nimempenda sana huyu Staś. Lakini kama ningekuwamo katika hadithi hii, si ningekuwa Kali?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile lilikuwa ndilo hasa linalompasa kila msomaji wa kitabu kile kuliuliza. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu.

Kitabu chenyewe kilitungwa na Henryk Sienkiewicz, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1846 na kufariki mwaka 1916, naye alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1905. Wengi humjua kwa riwaya yake Quo Vadis, inayohusu Wakristo wa Roma zamani za Kaisari Nero. Kitabu tunachokizungumzia hapa kilitoka mwaka 1911, na jina lake twaweza kulitafsiri hivi: Jangwani na Mwituni. Sienkiewicz alikitunga kwa ajili ya vijana. Yeye mwenyewe alikuwa amesafiri mwaka 1891, akaiona Misri, akafika Unguja na Bagamoyo, na huko pwani akashikwa na homa. Lakini nchi za ndani ambazo anawapitisha watoto wa hadithi yake hakuziona. Alizijenga kutokana na vitabu vya wasafiri wengine na fikira zake mwenyewe. Jambo hili tulikumbuke, maana litatufaa mbele.

Hadithi yaanza Misri mwishoni mwa mwaka 1884. Staś Tarkowski ni mvulana wa miaka kumi na minne. Baba yake ni Mpolandi, mhandisi katika kampuni ya Mfereji wa Suez. Nell Rawlison ni msichana wa miaka minane. Baba yake ni Mwingereza, naye ni mkubwa katika kampuni hiyo hiyo. Watoto hawa wanatekwa na watu wanaotaka kuwapeleka kwa Mahdi huko Sudan, ili wabadilishwe na mke na watoto wa mtu mmoja aitwaye Smain, ambao wamezuiliwa Misri. Wanavushwa jangwa kwa ngamia, wanafika Khartoum baada ya mji huo kutekwa tarehe 26 Januari 1885, kisha wanaletwa Omdurman mbele ya Mahdi mwenyewe. Kutoka hapo wanapelekwa kusini, mpaka Staś anapata nafasi ya kujikomboa. Yeye na Nell, pamoja na Kali na msichana aitwaye Mea, wanashika njia ya mashariki kuitafuta Bahari ya Hindi. Wanakaa ndani ya shina la mbuyu, wanamfungua tembo aliyenaswa katika bonde la mawe, Nell anaugua homa hata kukaribia kufa, na katika nyika isiyo na maji wanapeperusha vishada vyenye maandishi ili walimwengu wajue kwamba wangali hai.

Sina haja ya kuficha kwamba hadithi hii ni tamu. Mtunzi anajua kuendesha kisa. Hatari moja haijaisha kabla ya nyingine kuchungulia, wala hatari hizo si za kupachikwa tu. Kila moja inazaliwa na ile iliyotangulia. Nell anapougua, Staś hawezi kuitibu homa kwa ushujaa. Anahitaji kwinini. Kwa kuitafuta anamkuta Linde, msafiri wa Uswisi aliyejeruhiwa, anayesubiri kifo katikati ya wapagazi wake walioshikwa na ugonjwa wa malale. Linde anampa dawa, na mwishowe anamwomba awabatize wale wapagazi waliolala usingizi usio na mwisho. Sehemu hiyo ni fupi, wala haina bunduki wala simba, lakini nadhani ni miongoni mwa zile zilizoandikwa vizuri kuliko zote kitabuni. Hapo mtoto anajifunza kwamba kuna wakati ambapo mtu hawezi kuokoa, anaweza kukaa tu karibu.

Hata hivyo, kilele cha kitabu kwa upande wa imani ni pale Omdurman. Staś anatakiwa aikubali dini ya Mahdi. Mgiriki mmoja, aliyekwisha kusalimu amri ili aokoe maisha yake na ya watu wake, amemshauri akubali kwa mdomo tu na kubaki na yake moyoni. Staś anakataa. Anamwambia Mahdi kwamba kama angekubali, angefanya hivyo kwa woga, na dini haiheshimiwi kwa kupata mfuasi mwoga. Malipo ya jibu hilo ni kupelekwa mbali zaidi kusini, kwenye nchi ya homa, pamoja na Nell ambaye hakuulizwa neno.

Tazameni jinsi mtunzi alivyoipanga sehemu hii. Angalimfanya Staś awe peke yake, kukataa kwake kungekuwa rahisi: angekuwa anaitoa roho yake tu. Lakini pembeni yake yumo mtoto wa miaka minane ambaye aliahidi kumlinda. Basi uaminifu wake kwa Mungu unagharimiwa pia na mtu mwingine. Hapa ndipo hadithi ya kidini hupimwa. Mtunzi dhaifu humpa shujaa wake uamuzi usio na gharama, kisha humsifu kwa kurasa tatu. Mtunzi hodari humpa uamuzi unaouma pande zote mbili, kisha hunyamaza. Sienkiewicz, katika sura hiyo, ni mtunzi hodari.

Lakini sifa hizo zikiisha kutolewa, hatuna budi kumrudia yule kijana aliyekaa nyuma ya darasa.

Kali ni nani? Ni mtumwa wa Gebhr, mmoja wa watekaji, mtu mkatili ampigaye kila siku. Baadaye twaambiwa ni mwana wa Fumba, mfalme wa Wahima, wakaao kando ya ziwa Basso-Narok. Jina hilo wasafiri wa karne ya kumi na tisa waliliandika kuwa ni la ziwa ambalo sisi leo twaliita Turkana. Basi kijana huyu, kwa hadithi ya Mpolandi, ni jirani yetu kabisa. Tena anasema maneno tunayoyajua. Humwita Staś "Bwana kubwa", na watu wa kwao humwita Nell "Mzimu mwema". Maneno hayo mawili ya Kiswahili yamesomwa na vijana wa Polandi, kizazi baada ya kizazi.

Yafaa tuyatazame. "Bwana kubwa" si Kiswahili sanifu, kwani sisi husema "bwana mkubwa". Lakini kosa la sarufi si kitu. Neno lenyewe ndilo lenye maana. Katika kitabu kizima Kali hamwiti Staś rafiki, ingawa wanakula pamoja, wanawinda pamoja, na kukiona kifo pamoja. Na "mzimu" kwetu ni roho ya aliyekufa. Msichana aliye hai, aliyepandishwa juu ya tembo na kuogopwa kama mzimu, ni jambo la kutisha kuliko la kuchekesha. Staś anaiacha imani hiyo iwafungulie njia. Yule aliyekataa kusema neno moja la uongo mbele ya Mahdi aliyekuwa na jeshi, anaona si vibaya sana wanavijiji wakidanganyika mbele ya Nell. Je, mtunzi aliiona tofauti hiyo? Mimi sioni dalili kwamba ilimsumbua. Kweli ambayo Staś alijiona ana deni nayo kwa Mungu wake, hakujiona ana deni nayo kwa Wahima.

Tufike sasa kwenye kipande kilicho mashuhuri kuliko vyote. Staś anamfundisha Kali dini, kisha anamwuliza tendo baya ni lipi. Kali anafikiri, anajibu kwamba ni baya mtu akichukua ng'ombe wa Kali. Na tendo jema? Ni jema Kali akichukua ng'ombe wa mtu mwingine. Wapolandi walilipenda jibu hilo hata likawa kama methali: mtu mwenye sheria moja kwa ajili yake na nyingine kwa ajili ya wenzake, husemwa ana maadili ya Kali.

Kichekesho ni kizuri, nami sitaki kujifanya sikucheka. Lakini hadithi inayojiita ya historia imekubali kupimwa kwa historia. Basi tuifungue historia tuone miezi ile ile ambayo Staś na Kali wanatembea. Kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin kuafikiana kanuni za kujitwalia nchi katika Afrika. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeketi mezani. Kila taifa lilijua vema kwamba ni vibaya likinyang'anywa, na likaona ni vizuri likinyang'anya. Ng'ombe wa Kali walikuwa wachache kuliko hao. Jibu lile, kwa haki, lingewekwa katika kinywa cha mabalozi wa Berlin. Mtunzi akaliweka katika kinywa cha mtumwa aliyekuwa amenyang'anywa kila kitu, hata nafsi yake.

Na ajabu kubwa ni kwamba Sienkiewicz angeweza kulijua hilo kuliko waandishi wengi. Nchi yake iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Tangu mwaka 1795 hadi 1918 haikuwa na dola yake huru. Baba yake Staś, kama tunavyoambiwa kitabuni, alipigana katika maasi ya mwaka 1863 dhidi ya Warusi na akapelekwa Siberia. Msomaji wa Polandi alipoifikia habari hiyo, moyo wake ulimwenda mbio. Lakini watu wa Sudan nao walikuwa wametawaliwa kutoka Misri tangu mwaka 1821, wakatozwa kodi nzito, na wengi waliomfuata Mahdi walikuwa wanaitupa nira ya wageni. Utawala wa Mahdi ulimwaga damu nyingi, na biashara ya watumwa ilikuwa dhambi ya kweli. Mambo hayo mtunzi hakuyazua. Hata hivyo alimchora Mahdi kuwa mtu mnene, mwenye tabasamu la hila, na wafuasi wake kuwa kundi lililodanganywa. Uasi wa Wapolandi ni uchungu wa haki. Uasi wa Wasudani ni wazimu. Hayo ndiyo maadili ya Kali, ila sasa mwenye kuyashika ni mtunzi.

Mtu atasema: "Lakini mwalimu, wakati ule kila mwandishi wa Ulaya aliandika hivyo." Sivyo. Miaka hamsini na saba kabla yake, mwaka 1854, Kadinali Wiseman, Askofu Mkuu wa Westminster, alitoa riwaya iitwayo Fabiola, juu ya Wakristo wa Roma walioteswa zamani za Kaisari Diocletian. Ndicho kitabu kilichofungua njia kwa hadithi nyingi za aina hii. Kwa ufundi wa kusimulia, Fabiola kiko nyuma sana ya kitabu cha Sienkiewicz. Mara kwa mara kisa kinasimama ili mwandishi atueleze habari za makaburi ya chini ya ardhi. Lakini mna humo mjakazi aitwaye Syra. Bibi yake, Fabiola, ni tajiri na msomi, na siku moja kwa hasira anamchoma mkono kwa kisu. Ni Syra huyu ambaye, kwa hoja na kwa maisha yake, anamfundisha bibi yake ukweli ambao vitabu vyake havikumpa. Wiseman alijua kwamba aliye chini kwa cheo aweza kuwa juu kwa akili na roho. Basi mlango huo ulikuwa umekwisha kufunguliwa ndani ya nyumba hiyo hiyo ya hadithi. Sienkiewicz angeweza kuuingia.

Tena twaweza kutaja jambo kubwa zaidi ya riwaya yoyote. Kusini-magharibi mwa ziwa lile la Kali, katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda, walikuwako vijana watumishi wa mfalme waliokuwa wamejifunza Ukristo. Usiku wa Mei 1886, walipojua kwamba hatari imewafikia, Karoli Lwanga aliwabatiza wale ambao hawajabatizwa, miongoni mwao Kizito, ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Waliulizwa waiache imani yao, wakakataa. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga, Kizito na wenzao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki ishirini na wawili waliouawa katika mateso yale kuwa watakatifu.

Fikirini basi. Umri ni ule ule wa Staś. Miaka ni karibu ile ile. Swali ni lile lile. Staś ni mtu wa karatasi, na mtunzi wake alikwisha kuamua kwamba ataokoka. Kizito alikuwa mtu wa nyama na damu, naye hakuokoka. Sienkiewicz alipokaa kuandika, yapata miaka ishirini na mitano baada ya Namugongo, aliutafuta mfano wa kijana asiyeikana imani yake mbele ya mfalme, akampeleka huko kutoka Port Said. Historia ilikuwa imeuweka tayari, katika watu wa rangi ya Kali.

Je, nawaambia msikisome kitabu hiki? La, hasha. Kuna njia mbili rahisi za kukisoma vibaya. Ya kwanza ni kumeza yote, kujiona Staś kutoka mwanzo hadi mwisho, na kumcheka Kali kama kwamba hakuhusu. Ya pili ni kukitupa baada ya kurasa kumi kwa hasira. Anayefanya la kwanza hupoteza heshima yake. Anayefanya la pili hupoteza sura ya Omdurman, na Linde katikati ya wapagazi wake, na vishada vinavyopanda juu ya nyika. Msomaji mkomavu hupenda kwa moyo na kuhukumu kwa akili, wala haoni kwamba kimoja kinakizuia kingine.

Tena kuna jambo ambalo mtunzi alilisema bila kulikusudia, na ndilo jibu langu kwa kijana wangu. Baba yake anapokufa, Kali anakuwa mfalme wa Wahima. Mtumwa aliyepigwa kila siku sasa ana watu, ana mifugo, ana kiti. Hakuna awezaye kumlazimisha kwenda popote. Walakini anakiacha kiti hicho siku chache tu baada ya kukipata, anakusanya watu wake, na kuwasindikiza Staś na Nell katika nchi isiyo na maji, kwa ajili ya bahari ambayo hajapata kuiona. Staś anakwenda huko kwa sababu huko ndiko kwao. Kali anakwenda kwa sababu hataki kuwaacha. Ni nani kati yao aliyejua tendo jema ni lipi? Mtunzi alimpa Kali jibu la kuchekesha kwa mdomo, kisha akampa jibu la kweli kwa miguu, na sidhani alitambua kwamba majibu hayo yanapingana.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: "Ndiyo, ungekuwa Kali, wala usione haya. Isome tena safari ya baharini, mara hii ukitembea nyuma ya Kali, uhesabu yeye alitoa nini." Juma lililofuata aliniletea daftari. Alikuwa ameandika kurasa mbili za safari ile, Kali akisimulia mwenyewe. Sarufi ilikuwa na makosa, na mwisho wake ulikuja upesi mno. Lakini katika kurasa zile Kali alimwita Staś kwa jina lake.